Mashati Saba na Kanzu Moja

Alhamisi, 27 Machi 1969

Kaka yangu Hasan ameniletea daftari hili na penseli mbili. Nilimwambia kwamba siku zimeanza kunichanganyikia. Mtu aliye ndani ya eda haendi sokoni wala harusini, hana kinachomwonyesha kwamba leo si jana. Mwandiko wangu ni mzuri, nilisifiwa skuli mpaka nilipotoka darasa la saba. Basi nimeona niandike.

Mume wangu, Mjaka, alifariki wiki ya pili baada ya Idd Kubwa. Alilalamikia kifua, tukadhani ni baridi ya feni ya msikitini, na asubuhi moja hakuamka. Alikuwa fundi wa kanzu katika chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Kajificheni. Hatukujaaliwa mtoto. Nitakaa ndani miezi minne na siku kumi kama sharia inavyotaka, mpaka katikati ya Julai. Sivai rangi, sijitii manukato, sionani na mwanamume asiyekuwa maharimu wangu. Wifi yangu Kidawa, dada yake Mjaka, huja kila siku kutoka Jang'ombe, na binti yake Tabia analala nami ili nisiwe peke yangu.

Joto. Mvua bado.

Jumapili, 30 Machi

Nimekumbuka jambo dogo. Mjaka akimaliza kanzu hakumpa mtu wake mpaka aivae pale pale na asimame kama anayesali. "Piga takbira," alimwambia, na yule mtu akanyanyua mikono mpaka masikioni. "Rukuu." Akainama. "Haya, sijda." Wengine walicheka, wengine waliona haya kusujudu juu ya vipande vya nyuzi. Yeye alikuwa akitazama kwapani tu. Ikiwa hapakuvutika alisema, "Vaa kwa afya." Mimi jikoni nikisikia "vaa kwa afya" nilijua sasa chai inatakiwa.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua imeingia. Ndoo mbili chini ya paa la ngazi.

Jumanne, 8 Aprili

Leo kumekuja afisa wa michezo. Alisimama ukumbini, mimi nyuma ya pazia la chumba, Kidawa katikati yetu kama mlinzi wa forodha.

Afisa alisema kuna msichana amefika jana kutoka Ujerumani Mashariki. Anasomea kubuni nguo za michezo, na chuo chao hakimpi mwanafunzi shahada mpaka afanye kazi miezi mitatu kwa fundi, nchi nyingine. Yeye alipangiwa kwa fundi Mjaka, maana Mjaka alikuwa akizishonea pia klabu jezi zao. Barua ya msiba ilipofika kwao, msichana keshapanda meli.

"Sasa tumpeleke wapi?" alisema afisa. "Mafundi wengine wote wanaume, vyumba vyao upana wa jamvi. Akirudi hivi hivi, mwaka wake umepotea. Na kuna kazi inamngojea. Timu ya netiboli ya wasichana haina nguo, na mashindano ya skuli yanaanza Mei."

"Timu ipi?" aliuliza Kidawa.

"Ya skuli ya huyo binti yako, bibi."

Kidawa akasema, "Hii nyumba ya eda, bwana, si karakana. Tuendeshe cherehani juu ya msiba?"

Hapo nikasikia sauti nyingine kutoka mlangoni, Kiswahili kilichonyooshwa kama kimepigwa pasi. "Pole sana kwa msiba, mama. Mimi ninaweza kukaa kimya."

Sijui kwa nini, nilicheka. Nilijiziba mdomo kwa upande wa kanga. Kidawa alinisikia, akafungua pazia akanitazama kama mtu aliyekuta kuku ndani ya sanduku la nguo.

Nimesema aje. Cherehani imefunikwa tangu siku ile, na mimi sipendi inavyokaa chini ya shuka.

Jumatatu, 14 Aprili

Anaitwa Renate, watoto wa mtaa tayari wanamwita Bi Renata. Mrefu, magoti yake hayana pa kukaa. Alivua viatu mlangoni bila ya kuambiwa. Ana karatasi alizozikata kwa umbo la mbele, nyuma na mkono wa shati, na amezikunja vizuri kuliko mimi ninavyokunja leso. Nimemwambia ukweli: mimi si fundi wa kukata. Mimi nashona kofia, na nilikuwa nikimtilia Mjaka vifungo na pindo. Mkasi ulikuwa wake.

"Basi sote wawili ni wanafunzi," alisema.

Sikupenda neno hilo. Mtu ana umri wa kuwa mwanangu.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Bi Renata anapiga mluzi akikata. Kidawa kamwambia mluzi ndani ya nyumba huita nyoka. Sasa anapiga mluzi wa pumzi tu, hautoki sauti.

Jumapili, 20 Aprili

Borafya, mume wa Kidawa, amekuja kunitazama. Anafanya kazi bandarini, sauti yake imezoea kupita juu ya kreni. Alikaa ukumbini, mimi ndani, pazia katikati.

"Shemegi, hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

"Nimesikia nyie ndio mnaoshona hizo nguo za mpira. Nakwambia mapema, tusije tukakosana. Mimi sikumkataza Tabia kucheza. Bibi wao wa netiboli, Mwalimu Wanu, alikuja nyumbani, tukakubaliana: sketi ipite magoti, chini yake suruali. Vizuri. Lakini siku nikiona mwili wa mwanangu uwanjani, hata ukubwa wa sahani ya kikombe, michezo imekwisha. Na hao wenziwe watamtafuta mfungaji mwengine."

"Utaona nguo tu, shemegi."

"Inshallah."

Tabia alikuwa chumbani nami, ana miaka kumi na nne. Alikuwa amenishika mkono wakati wote baba yake akisema. Mkono wake una sugu ndogo ya mpira kwenye kiganja. Mchezo huu ndio kitu pekee ninachomsikia akikizungumza usingizini.

Jumatano, 30 Aprili

Kitambaa kimepatikana. Bafta nyeupe ya mashati na buluu ya sketi, si nyingi. Bi Renata aliipapasa bafta, akaivuta huku na huku, uso ukabadilika. Alinionyesha shati moja aliloleta kwao, limefumwa kama fulana, ukilivuta linarefuka, ukiliacha linarudi. "Karatasi zangu ni za kitambaa hiki," alisema. Lakini kitambaa hicho hapa hakipo. Tukasema tutakata kwa upana zaidi kidogo, itafaa.

Jumamosi, 10 Mei

Wasichana saba wamekuja kujaribu, na Mwalimu Wanu. Walipanga viatu mlangoni, wakaniamkia mmoja mmoja, "Shikamoo Bi Mwanapili," nami nikawaitikia marahaba mara saba. Mashati yamewakaa vizuri sana. Mabega sawa, shingo sawa, pindo ndani ya sketi. Bi Renata aliwazunguka na pini mdomoni.

Tabia, aliyezoea nyumba hii, akaanza kujinyoosha, mikono ikipanda. Nikamwambia, "Teremsha mikono, mwanangu. Hii nyumba ya msiba." Akaiteremsha. Wote saba walisimama wima, mikono ubavuni, macho chini, kama watu wanaosikiliza hitma. Walipendeza. Mwalimu Wanu alisema hajaona timu yenye adabu kama hii.

Jumanne, 13 Mei

Mvua kubwa. Nguo zilizofuliwa hazikauki. Vifungo vimekwisha kutiwa.

Ijumaa, 23 Mei

Kesho ndio mechi ya kwanza, uwanja wa Mnazi Mmoja. Bi Renata hakuweza kula wali. Anasema mwalimu wao huko hatamuuliza alishona nguo ngapi, atamuuliza zilivyochezewa. Nimemwambia ale, wali haumuulizi mtu kitu.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekaa tangu Isha sijui nianzie wapi.

Mvua ilikatika asubuhi. Kidawa na Bi Renata walikwenda uwanjani, mimi nikapanda chumba cha juu na kufungua dirisha la upande wa Mkunazini. Upepo ukielekea huku, kelele za Mnazi Mmoja zinafika. Nilisikia shangwe. Baada yake nikasikia kicheko, na kicheko cha watu wengi hakifanani na shangwe hata kwa mbali. Nikafunga dirisha.

Kidawa ndiye aliyerudi mwanzo. Alikaa juu ya ngazi, hakuvua buibui.

"Mpira wa kwanza tu," alisema. "Tabia kaupokea, kanyanyua mikono afunge. Shati lote likachomoka juu ya sketi. Tumbo nje, Mwanapili. Mpaka kitovu. Vijana wa pembeni wakaanza, 'Kitovu! Kitovu!' Mwengine karuka, naye vile vile. Baada ya hapo wote wanacheza kwa mkono mmoja, wa pili umeshika shati. Ungewaona ungelia. Kama watu wanaokimbia na maumivu ya tumbo."

"Na Borafya?"

"Alikuwepo. Na wenziwe wa bandarini. Wakati wa mapumziko kaingia uwanjani na viatu vyake, kamshika mtoto mkono, kamtoa."

Timu ilitoka sare. Sijui vipi.

Bi Renata alifika nyuma yake. Hakupanda. Alikaa mlangoni pamoja na viatu, na nikasikia analia kwa lugha yake. Nilishuka, nikakaa naye, sisi wawili na pazia la barabarani limeteremshwa. Alisema maneno mengi, mengine sikuyajua. Niliyoyajua ni haya: hajapata kushona shati la kitambaa kisichovutika. Kwao, mkono ukipanda, nguo inaufuata. Yeye hakuwahi kufikiri inaufuata kwa nini.

Baada ya Magharibi alikuja Borafya. Nilijua kwa hodi yake.

"Shemegi."

"Naam."

"Mimi si mtu mbaya."

"Najua."

"Nilisimama pale na watu ninaobeba nao magunia. Mmoja kaniambia, 'Borafya, huyo si wako?' Nimeona uso wa mwanangu. Hakuwa anacheka hata kidogo. Mimi nimemtoa kwa sababu ya uso ule, si kwa sababu ya vijana. Tabia hachezi tena."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa pazia. Nilimwambia, "Kosa si la mtoto. Ni la nguo. Tukiirekebisha?"

"Mliniambia nitaona nguo tu."

"Tukiirekebisha, shemegi. Mechi ya mwisho ni Julai. Tupe mpaka Julai."

Nikasikia anakuna ndevu. Kisha akasema, "N'takuja mwenyewe. N'takaa mstari wa mbele. Nikiona nilichokiona leo, namtoa katikati ya mchezo, na hapo Mwalimu Wanu asije tena kubisha mlango wangu."

Alipoondoka, Tabia alijifunika gubigubi. Mimi ninafikiri juu ya siku ile ya kujaribu. Wasichana saba katika chumba kimoja, wachezaji, na sita hawakunyanyua hata mkono. Nani angeruka mbele ya mwenye msiba? Aliyenyanyua alikuwa Tabia tu, na mimi ndiye niliyemwambia ateremshe.

Alhamisi, 29 Mei

Maulidi. Sauti za dufu kutoka mitaa ya nyuma. Mjaka mwaka jana alishona kanzu mpaka adhuhuri ya siku kama ya leo, akasahau kujishonea yake kifungo. Nilimtilia kanzu ikiwa mwilini, nikamwambia asiseme, mtu akisema wakati anashonewa mwilini uzi hukatika. Alinyamaza kweli, mtu mzima yule.

Jumapili, 1 Juni

Tumezungumza vizuri leo, mimi na Bi Renata. Nilimwambia habari ya Mjaka na takbira zake, jinsi alivyotazama kwapani. Alisimamisha kijiko hewani.

"Kuna nini kwapani?"

Nikamwambia kuna kipande kidogo kinaitwa kikwapa, kinaungwa baina ya mkono, badani ya mwilini na taharizi ya ubavuni, ndicho kinachouachia mkono unyanyuke bila ya kuvuta kanzu nzima. Alisema anakijua kitu hicho kwenye picha za nguo za zamani, hajapata kukikata. Akachora mraba mdogo. Tukafumua shati la Tabia, tukatia.

Likawa na donge chini ya mkono kama mfuko wa karafuu.

Jumanne, 3 Juni

Mraba mwengine, mdogo. Donge dogo.

Alhamisi, 5 Juni

Tumejaribu mara nyengine, limevuta mgongoni. Kitambaa kilichobaki hakifiki yadi moja. Bi Renata alikwenda kwa fundi wa Hurumzi kumuuliza namna ya kukikata kikwapa. Alimjibu kwa heshima sana: "Lete kitambaa, mwanangu, nikushonee kanzu nzuri. Lakini mkasi wangu simwonyeshi mtu." Nimecheka. Mjaka naye angesema vile vile. Naye sasa hayupo wa kuulizwa, na hakumwachia mtu mkasi wake.

Mvua zimepungua. Asubuhi pana baridi ya kujifunika shuka.

Jumamosi, 7 Juni

Kuna kanzu moja. Sijaitaja humu. Za watu siwezi kuziomba zifumuliwe, na kwa Borafya sasa sina uso wa kuomba kanzu.

Nguo zake nyengine ziligawiwa, aliyemwosha kapewa haki yake, maskini wamepewa. Moja niliomba iachwe mpaka eda iishe. Ni ile aliyoivaa Idd Kubwa. Aliishona mwenyewe, kazi yake ya mwisho aliyojifanyia. Haijafuliwa. Iko ndani ya sanduku, na nikifungua kifuniko kuna harufu ya udi wa asubuhi ile na ya shingo yake. Mimi sijitii manukato, lakini Kidawa amesema kunusa si kujitia. Hunusa siku za Ijumaa tu, nisije nikaimaliza.

Bi Renata hajui kama ipo. Akijua hataniomba, nimeshamfahamu. Mwezi wa Aprili nilimwona mtu wa makelele na karatasi. Sasa naona anavyoifunika cherehani kila jioni kwa shuka ile ile niliyoifunikia mimi, pembe kwa pembe.

Tabia huenda skuli na kurudi. Haendi mazoezini. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo linalonisumbua.

Jumapili, 8 Juni

Nimemwambia Kidawa kwamba nafikiri kuifumua kanzu ile tuone kikwapa chake. Nilidhani ataniunga mkono nisiiguse, kwani Mjaka ni ndugu yake, baba mmoja mama mmoja. Aliendelea kuchambua mchele.

"Ukiifumua, itabidi ipigwe pasi," alisema.

"Ndiyo."

"Harufu itakwenda."

"Ndiyo."

"Hata mimi nainusa," alisema. "Ukiwa umelala."

Tukatazamana. Sikujua. Kumbe wawili tunakula chungu kimoja, na kila mmoja anajidhani peke yake. Tukaanza kucheka, tukalia, mchele ukamwagika.

Jumanne, 10 Juni

Tumeifanya leo, baada ya sala ya adhuhuri, kwa mwanga wa dirisha.

Niliitoa kanzu sandukuni nikaiweka mapajani kwa Bi Renata. Nilimwambia ni ya nani. Alinyanyua mikono juu kama aliyeshika moto. "Hapana, mama. Hapana." Nikamwambia, "Mwalimu wako alikufa kabla hujafika. Hii ndiyo aliyoiacha."

Kidawa ndiye aliyekuja na wembe. Alitaka aanze yeye. Akakata uzi wa kwanza chini ya mkono wa kushoto, akanipa wembe, nikakata wa pili. Tulifumua polepole, kwa zamu. Nilidhani nitaona uchungu mkubwa. Nilichokiona kwanza ni uzi wa manjano.

Kwa ndani, mahala ambapo hapaonekani na mtu, Mjaka aliunga kikwapa kwa uzi wangu wa manjano wa kofia. Ule nilioutafuta nyumba nzima kabla ya Idd! Nilimuuliza, akasema hajauona. Nilimshuku Tabia, nikamshuku paka.

"Mwizi ni huyo hapo," alisema Kidawa. "Kavaa wizi wake mpaka msikitini."

Kikwapa kilipotoka tukakitandaza juu ya meza. Si mraba. Upande mmoja mrefu kuliko mwengine, na tena hakukikata kwa kufuata nyuzi za kitambaa. Alikikata mshazari, kona kwa kona. Bi Renata alikishika kwa vidole viwili, akakivuta.

Kikavutika.

Bafta ile ile ya dukani, isiyovutika, ikarefuka kidogo na kurudi. Alikivuta tena. Akasema jambo kwa Kijerumani, akajipiga kipaji. "Hili nimefundishwa mwaka wa kwanza," alisema. "Nilijibu vizuri kwenye mtihani. Nilikuwa sijui ni la kufanyia nini."

Alikichora kwenye karatasi pande zote, kisha tukafumua na cha kulia apime kama vinafanana. Nami nikakaa na mkono wa kanzu mapajani. Harufu bado ilikuwepo, zaidi mahala pale pale. Kila Alhamisi kwa miaka kumi na moja nilifikicha makwapa ya kanzu zake kwa sabuni ya mche, maana ndipo palipobaki rangi ya jasho. Nilikuwa nikinung'unika. Sikuwahi kutazama ninafikicha nini.

Jumamosi, 14 Juni

Mashati yote saba yametiwa vikwapa, vya mshazari. Ili kitambaa kifike tulikata pindo za chini tukaunga mikanda ya buluu kiunoni, Bi Renata anasema imependeza zaidi na imeongeza urefu.

Wasichana wamekuja. Borafya alimruhusu Tabia kujaribu tu. Wakasimama tena wima, mikono ubavuni.

Nikasema, "Nyanyueni mikono. Mpaka masikioni, kama mnaotaka kusali."

Wakanyanyua. Mashati yakakaa.

"Inameni."

Wakainama.

"Sasa rukeni."

Hapana aliyeruka. Walinitazama nguo zangu nyeupe, wakatazama pazia, wakamtazama Mwalimu Wanu. Mwanaasha, mdogo wao, alinong'ona, "Bibi, hapa?"

Kidawa alitoka jikoni na mwiko. "Rukeni, hamsikii? Mjaka mwenyewe angeliwarusha mpaka jirani aje! Mnangojea dua?"

Wakaruka. Nyumba yetu ya zamani, chokaa ikaanguka kutoka kwenye boriti ikawaingia nywele, wakacheka, wakaruka tena. Tabia aliruka na mkono mmoja juu, kiganja kimefunguka, akagusa boriti. Bi Renata alikuwa amekaa chini, shavu linakaribia sakafu, anatazama viuno saba. "Hakuna kitu," alisema. "Hakuna kitu! Sioni kitu!"

Tangu Machi nyumba hii haijasikia kishindo. Nilitazama sandukuni nikaona haya kidogo, kisha haya ikaniondoka.

Jumatano, 25 Juni

Tabia amerudi mazoezini. Baba yake amesema "mazoezi, siyo mechi".

Jumamosi, 5 Julai

Mechi ya mwisho. Borafya amekubali Tabia acheze, kwa sharti lile lile la mstari wa mbele.

Walipoondoka wote nilipanda juu. Nilikaa na dirisha limefungwa, kisha nikalifungua. Nilitamani kwenda, sitasema uongo. Eda imebaki kidogo. Lakini nimekaa kwa ajili yake mvua nzima, sitaivunja kwa sababu jua limetoka.

Kelele zilikuja na kwenda. Nilisikiliza kile kicheko. Sikukisikia. Mara nyengine kelele zilinyamaza kabisa, na huo ndio uliokuwa wakati mbaya, kwani mawazoni nilimwona Borafya anaingia uwanjani na viatu vyake. Baadaye kukawa na mlio mmoja mkubwa, ukakaa hewani.

Tabia alifika mbio, kawaacha wengine nyuma. Aliingia na viatu, sikumwambia kitu. Jasho limemlowesha.

"Tumefunga kumi na tisa, wao kumi na sita! Mimi kumi na nne!"

"Na baba yako?"

Alicheka. "Alikuwa mstari wa mbele, mama. Mwanzo ananitazama tumbo tu, nikamwona. Kisha akasahau! Akaanza kupiga kelele, 'Mpe Tabia! Mpe Tabia, we hulioni goli?' Mpaka refa kamwambia arudi nyuma."

Bi Renata alipofika nilimuuliza watu wamesemaje juu ya mashati. Alikaa ngazini, magoti yake hayo, akafikiri.

"Hapana aliyesema kitu," alijibu. "Hata mmoja. Hawakuyaona." Na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi.

Nilimwita Tabia nikamwambia, "Nyanyua mikono."

Akanyanyua. Chini ya kila mkono, kikwapa kilikuwa kimelowa, umbo lake lote limejichora kwa jasho, upande mmoja mrefu kuliko mwengine. Nilikishika kwa vidole. Nalijua doa hilo. Nilimwambia avue, nilifue kabla halijakauka.

Jumatano, 9 Julai

Bi Renata ameondoka kwa meli ya Dar es Salaam. Siku mbili hizi tuliirudishia kanzu vikwapa vyake pamoja, mimi cha kulia, yeye cha kushoto. Chake kina mkunjo mdogo. Alitaka kufumua arudie, nikamkataza. Uzi tulioutumia ni wa manjano.

Alipoaga hakujua aniage vipi, kunishika mkono au la. Nikamkumbatia. Alisema, "Mama Mwanapili, nimekaa kimya?" Nikamwambia hata siku moja.

Jumatano, 16 Julai

Eda imekwisha. Kidawa ameniosha, amenitia udi nywelani mpaka nimepiga chafya. Nimevaa kanga mpya na buibui. Barabarani nilitembea kama mgonjwa, kila mlango mpana, kila mtu ana sauti.

Tulikwenda Jang'ombe kwa Borafya. Nilikuwa na kanzu mkononi, imefuliwa, imepigwa pasi, haina harufu ila ya sabuni. Kwa miezi yote hii nilizungumza naye kwa pazia, nikasahau kwamba ana mvi kidevuni.

"Ya Mjaka," nilimwambia. "Ya Idd. Nimeona uivae wewe."

Aliipokea kwa mikono miwili, akaingia nayo ndani. Alitoka ameivaa. Alisimama katikati ya chumba, akageuka upande wa kibla, na bila ya mtu kumwambia akanyanyua mikono mpaka masikioni. Alikuwa mteja wa Mjaka miaka mingi, naye alikuwa anajua.

Nilitazama kwapani. Kulia pametulia. Kushoto pana mkunjo mdogo, lakini hapavuti.

"Baba," alisema Tabia kutoka mlangoni, "tumbo halionekani."

Kidawa alimrushia ufagio. Borafya alikuwa anacheka, mikono bado iko juu, na wote walikuwa wananitazama mimi, wanangoja.

"Vaa kwa afya," nikasema.

Kidawa akaenda kuteleka chai.